Anzia Unyayoni: Utangulizi wa Dermoskopi kwa Wasomaji wa Arusha na Meru

Fungua kitabu chochote kikubwa cha dermoskopi, yaani utazamaji wa ngozi kwa lenzi yenye taa, utakutana na migongo. Ni migongo ya watu weupe, imejaa madoa ya kahawia, na kila doa limekuzwa mara 10 na kuchorewa mishale. Waandishi hawana kosa. Elimu hii ililelewa Vienna, Graz, Naples, Sydney na Brisbane, na huko melanoma, saratani kali inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, hupenda mgongo wa mwanamume na mguu wa mwanamke waliochomwa na jua kwa miaka. Mwanafunzi wa Arusha akikisoma kitabu hicho mpaka mwisho anakuwa hodari wa ugonjwa ambao huenda asiuone kamwe Ngaramtoni wala Usa River, na anabaki mgeni kwa ule utakaoingia kliniki yake ukichechemea.

Maneno haya nayaandika kwa afisa tabibu wa zahanati, muuguzi, daktari aliyehitimu juzi, na pia msomaji asiyevaa koti jeupe ambaye ana doa mwilini na angependa kujua wataalamu huwa wanatazama nini. Hoja yangu ni moja tu: huku kwetu dermoskopi ianzie chini. Ianzie unyayoni na kwenye kucha, kisha ndipo ipande.

Mtu mweusi hupata melanoma kwa nadra sana akilinganishwa na mzungu. Anapoipata, mara nyingi huota pale ambapo hata ngozi nyeusi huwa na rangi hafifu: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Jua halina mchango mkubwa hapo. Ni nani anayeanika nyayo zake juani? Jirani zetu Uganda walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1967 M. G. Lewis alichapisha katika jarida la saratani la Uingereza utafiti wa Uganda uliotazama uhusiano kati ya melanoma za unyayo na madoa ya rangi yanayokuwepo kwenye nyayo za watu wa kule. Ilikuwa 1976 ndipo Richard Reed wa Marekani alipoitenga aina hii na kuipa jina lake la kitabibu. Humu nitaiita melanoma ya nyayo na viganja. Msomaji asiyependa majarida ana mfano anaoujua tayari, Bob Marley. Aligunduliwa na melanoma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia mwaka 1977, akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kidole kile kilidhaniwa kwanza kuwa kimeumizwa na mpira. Wagonjwa wetu nao husimulia hivyohivyo: nilijikwaa, nilichomwa na mwiba, nilikanyagwa na ng'ombe. Mara nyingi ni kweli walijikwaa. Ndiyo maana hadithi ya jeraha haitoshi kumwondolea mtu shaka.

Uzito wa ugonjwa huu hautokani na wingi wake. Unatokana na kuchelewa. Mwaka 1970 Alexander Breslow alionyesha kwamba hatima ya mgonjwa inafuata unene wa melanoma unaopimwa kwa milimita chini ya hadubini. Iliyo chini ya milimita 1 ikiondolewa yote, wagonjwa wengi hupona. Iliyopita milimita 4 ni habari nyingine kabisa. Doa la unyayoni hukaa jembamba kwa muda, pengine miaka, likitambaa kando kando bila kuuma wala kuwasha. Kisha huanza kuzama. Mgonjwa anafika hospitali kidonda kimeshachimbika, kimepakwa dawa na majani, kimefungwa bandeji kwa miezi, na wakati mwingine kimeandikwa kwenye daftari kuwa kidonda cha kisukari. Dermoskopi ina faida wakati ule wa kutambaa. Kidonda kikishachimbika, lenzi haina la kuongeza. Hapo ni kukata kipande na kupeleka maabara.

Dermoskopu yenyewe ni lenzi ya mkononi yenye taa, inayokuza mara 10, na nyingine hubanwa nyuma ya simu. Tatizo inalolitatua ni mng'ao. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokufa, hurudisha sehemu ya mwanga kabla haujaingia, hivyo jicho tupu huona uso wa ngozi na kukosa kilicho chini yake. Ukipaka mafuta, spiriti, au jeli ileile ya ultrasaundi, kisha ukagandamiza kioo juu yake, mng'ao unakwisha na mwanga unapenya. Vifaa vya sasa vingi huchuja mwanga kwa polaraizesheni na kuondoa mng'ao huo bila hata kugusa ngozi. Hakuna jipya sana katika wazo hili. Unna wa Hamburg alikuwa akitumia mafuta na kioo karne ya 19, na Johann Saphier wa Munich alitumia jina la dermatoskopi katika maandishi yake ya 1920. Rona MacKie wa Glasgow alionyesha mwaka 1971 kwamba njia hii inasaidia kabla ya upasuaji. Mapinduzi yenyewe yalikuja 1987, Pehamberger, Steiner na Wolff wa Vienna walipopanga alama zinazoonekana na kuzipa majina, hata mtu wa Vienna na mtu wa Tokyo wakaweza kubishana juu ya picha moja kwa lugha moja.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba rangi inakuambia kina. Melanini, yaani rangi ya ngozi, ni ileile, lakini ikiwa karibu na uso wa ngozi inaonekana nyeusi, ikishuka kidogo ni kahawia, ikizama zaidi ni kijivu, na ikizama sana ni buluu. Doa lenye kahawia moja tulivu lina seli zinazokaa mahali pamoja. Doa lenye kahawia, nyeusi, kijivu na buluu vilivyotupwa bila mpango lina seli zilizotawanyika ngazi tofauti, na hilo linatosha kukufanya uvute kiti ukae. Hapa pana tahadhari ambayo vitabu vya migongo haviitaji: ngozi ya kawaida ya mtu mweusi, isiyo na ugonjwa wowote, ina mtandao wake wa mistari ya kahawia chini ya lenzi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mtandao wa rangi ni alama ya doa ataona madoa mkono mzima. Dawa ni rahisi. Kabla ya kutazama doa, tazama ngozi nzima iliyo jirani nalo.

Je, inasaidia kweli? Mapitio makubwa ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018 yalijumlisha tafiti nyingi na kukadiria hivi: tukikubali kiwango kilekile cha kuwashuku wasio wagonjwa, yaani 20 katika kila 100, macho matupu yatakamata melanoma 76 kati ya 100, na macho yenye dermoskopu 92. Tofauti hiyo ni watu 16. Lakini tafiti hizo nyingi zilifanyika kwenye ngozi nyeupe, na matokeo mazuri yalitoka kwa waliofunzwa. Kifaa mkononi mwa asiyefunzwa humpa ujasiri asiostahili, na mimi ningependelea tabibu asiye nacho lakini anayevua viatu vya kila mgonjwa kuliko mwenye nacho anayekielekeza usoni tu.

Sasa twende unyayoni.

Utazame mguu wako mwenyewe leo usiku baada ya kuoga. Ngozi ya unyayo haina vinyweleo. Ina mistari iliyopangwa sambamba, ileile inayoacha alama ya dole gumba kwenye fomu za serikali. Chini ya lenzi mistari hiyo inageuka shamba lililolimwa kwenye mteremko wa Meru: tuta, mfereji, tuta, mfereji. Juu ya kila tuta, katikati kabisa, kuna vitone vyeupe vilivyojipanga foleni. Hayo ni matundu ya jasho. Vitone hivyo ndivyo vitakavyokuokoa, kwa sababu kwenye picha ya kwanza hutajua lipi ni tuta na lipi ni mfereji. Tafuta vitone, umepata tuta.

Toshiaki Saida wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, na wenzake walitumia miaka mingi kutazama nyayo, kwa kuwa Wajapani nao melanoma yao ya kawaida ni ya huko. Walichokigundua kinaelezeka kwa sentensi mbili. Doa lisilo na madhara huweka rangi yake mferejini, kwa mistari myembamba. Melanoma, hata ikiwa changa, huipandisha rangi juu ya matuta, kwa mikanda minene. Katika takwimu walizochapisha 2004, rangi ya kwenye matuta ilionekana kwenye asilimia 86 ya melanoma za nyayo na viganja, na kwenye madoa yasiyo na madhara haikuonekana ila mara chache mno. Umahususi wake ulifika asilimia 99. Katika tiba ni nadra kupata alama yenye nguvu hiyo.

Madoa yasiyo na madhara yana sura mbili zaidi zinazofaa kujulikana. Penye tao la mguu, ambapo uzito haukanyagi, mistari ya mferejini huunganishwa na mistari ya kukingama na kufanya kimia. Kisiginoni na mahali pengine panapobeba uzito, tabaka gumu la juu husukumwa upande, na rangi ya mferejini huonekana imelala mshazari, nyuzinyuzi nyembamba zinazokatiza matuta. Mwanafunzi huogopa nyuzi hizo kwa sababu zinagusa matuta. Asiogope haraka: akiinamisha lenzi kidogo upande ule nyuzi zinakolala, atashangaa kuziona zikirudi mferejini.

Chukua bibi wa miaka 60 na kitu anayetokea Oldonyo Sambu, amevaa makatambuga, amekuja kwa ajili ya kifua. Umemwamkia shikamoo, amekuitikia marahaba, mmeulizana habari za mvua. Unapomaliza kumsikiliza kifua, mwombe avue viatu vyote viwili. Atakuambia miguu haiumi. Mwambie hivyo ndivyo unavyotaka kuiona, ikiwa haiumi. Kisha ioshe. Si suala la usafi tu: vumbi la miteremko ya Meru ni laini na jeusi, na likikaa kwenye mifereji ya unyayo mkavu linatengeneza mistari mizuri sambamba ambayo tabibu mwenye haraka ataandika kuwa ni doa salama. Sabuni, maji ya vuguvugu, kitambaa. Ndipo upake jeli, uweke lenzi, utafute vitone vyeupe, na ujiulize swali moja: rangi imelala wapi?

Ingekuwa vyema utangulizi ukaishia hapo. Nyayo zetu hazikubali. Kanuni ya Saida ilitungwa kwenye nyayo za Wajapani, na watu weusi wengi wana madoa ya kahawia nyayoni ambayo ni ya kawaida kabisa. Lewis aliyatazama hayohayo Uganda zaidi ya nusu karne iliyopita. Baadhi yake, ukiyaweka chini ya lenzi, rangi yake iko juu ya matuta. Ukifuata kanuni kama ilivyoandikwa utakata nyayo za nusu ya kijiji. Ninachofundisha ni kwamba alama ya tuta kwetu ni mwanzo wa uchunguzi, haijawa hukumu. Hesabu madoa: je, ni mengi, miguu yote miwili, yanafanana, yana rangi moja hafifu, na mgonjwa anasema anayo tangu ujana? Tulia, pima, piga picha, mwambie arudi. Je, ni moja, halifanani na mengine, limetokea ukubwani, limepita milimita 7, lina kingo zisizoeleweka na rangi zaidi ya mbili? Hilo halisubiri. Wapo wanaopenda alama za kuhesabu, na kwao kuna orodha ya Aimilios Lallas na wenzake ya 2015, inayolipa tuta pointi 3, kuongeza pointi 1 kwa kila kasoro ya mabaka ovyo, umbo lisilolingana na rangi zisizolingana, na kupunguza pointi 1 kwa mfereji na 1 kwa nyuzinyuzi. Jumla ikifika 1, shuku. Ni orodha nzuri kwa mtu anayeanza, mradi asisahau kuhesabu madoa ya mguu wa pili.

Halafu kuna wadanganyifu wengine wa unyayoni, na hawa ni wenyeji zaidi kuliko melanoma. Hina na piko hushika juu ya matuta kwa sababu ndiko tabaka gumu linakogusana na rangi. Bibi harusi wa wiki iliyopita anaweza kuwa na picha ya kutisha kwenye kisigino. Muulize. Damu iliyovia chini ya tabaka gumu la kisigino, jambo la kawaida kwa wakimbiaji na wacheza mpira, nayo hukaa kwenye matuta, ila rangi yake ina wekundu wa zambarau na hukatika vitone vitone. Chukua wembe wa upasuaji, kwangua taratibu tabaka lililokufa bila kumtoa damu. Ikiwa ni damu iliyovia, itaondoka na magamba. Funza huonekana kama duara lenye tundu jeusi katikati, na mayai meupe yakionekana pembeni. Chunjua za unyayoni huvunja kabisa mpangilio wa mistari na kuonyesha vitone vyekundu au vyeusi vya mishipa iliyoziba. Saratani ya Kaposi, ambayo kila kliniki ya VVU nchini inaijua, ina zambarau, na chini ya mwanga wa polaraizesheni wakati mwingine hutoa rangi za upinde wa mvua. Katika hao wote, anayeniogopesha ni uvimbe mwekundu unaotoka damu, usio na rangi nyeusi hata chembe, ambao mtu huuita nyama iliyozidi kwenye jeraha. Melanoma inaweza kukosa rangi. Uvimbe wa aina hiyo ukiondolewa, usitupwe kwenye ndoo; upelekwe maabara.

Kucha zinastahili sura yao peke yake. Mstari mweusi au wa kahawia unaotoka kwenye shina la ukucha hadi nchani ni kitu cha kawaida kwa mtu mweusi. Wengi wetu tukifika uzeeni tunao mmoja au kadhaa. Baadhi ya dawa, zidovudini ya VVU ikiwemo, huichora kwenye vidole vingi kwa pamoja. Kwa hiyo mistari mingi, vidole vingi, ni habari ya kutuliza. Shaka huanza kwa kidole kimoja cha mtu mzima, hasa gumba la mkono au la mguu, penye mstari unaopanuka. Chini ya lenzi tazama mistari midogo ndani ya ule mkubwa: ikiwa ina rangi moja, unene mmoja na nafasi sawa, ni tulivu; ikiwa mingine minene, mingine myembamba, inayopishana na kukatika, si tulivu. Tazama pia umbo. Mstari mpana shinani na mwembamba nchani unasema kwamba kinachoutoa kinakua, kwa sababu ukucha unaoota leo ni mpana kuliko ulioota miezi iliyopita. Na tazama ngozi iliyouzunguka ukucha: rangi ikimwagikia huko, ni alama ambayo Jonathan Hutchinson wa London aliieleza karne ya 19, na bado hatujapata iliyo bora zaidi.

Wapagazi na waongoza watalii wa Mlima Meru ndio watakaokuzoesha kutofautisha damu na rangi. Kilele kiko mita 4,566, na mtu anayeshuka kutoka huko kuelekea Miriakamba na kisha Momella na mzigo mgongoni anagonga kidole gumba kwenye ncha ya buti kwa saa kadhaa mfululizo. Ukucha unakuwa mweusi. Chini ya lenzi damu ni doa lenye ukingo wa mviringo, wekundu mweusi, na vitone vimejitenga pembeni. Haina mistari ya kutoka shinani. Ukucha wa gumba la mguu hukua kama milimita 1 na nusu kwa mwezi, kwa hiyo damu husogea mbele na nyuma yake ukucha safi unafuata. Weka alama ndogo kwenye ukucha, mwambie kijana arudi baada ya miezi miwili. Ikiwa doa limesogea pamoja na alama, mwache arudi mlimani. Ikiwa limebaki palepale shinani, usikubali simulizi ya buti. Uvimbe nao hutoka damu.

Hadi hapa nimezungumzia ngozi yenye rangi. Ukanda wetu una watu wengine ambao dermoskopi kwao ni kitu tofauti kabisa: watu wenye ualbino. Tarehe 13 Juni 2015, Umoja wa Mataifa ulipoadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, Tanzania iliiadhimisha Arusha, na haikuwa bure. Jiji liko karibu mita 1,400 juu ya bahari, digrii tatu na ushei kusini mwa ikweta. Jua la huku halihurumii ngozi isiyo na melanini. Kwa watu hawa saratani inayoua zaidi ni ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ikifuatiwa na ya seli za msingi. Melanoma ipo lakini ni nadra. Lenzi haitafuti mistari ya rangi tena. Inatafuta mishipa ya damu na magamba: mishipa yenye matawi ya mti, minene shinani na myembamba nchani, kwa saratani ya seli za msingi; miviringo myeupe, mabonge ya magamba na mishipa iliyojikunja kwa ile ya seli bapa. Wengi wao hupata pia madoa makubwa ya kahawia usoni na mabegani yenye kingo zilizochanika. Yanatisha kwa jicho tupu kuliko chochote kingine mwilini mwao, na ndiyo yasiyo na madhara. Kinachoua ni kile kipele chekundu kikavu kwenye sikio ambacho hakuna aliyekitilia maanani.

Mahali pa kujifunza kazi hiyo si mbali. Moshi ni kilomita 80 hivi kutoka mjini Arusha, na ndani ya hospitali ya KCMC kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichofunguliwa 1992 kuwafundisha maafisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, si madaktari peke yao. Uamuzi huo wa kumfundisha afisa tabibu naona ndio wa busara kuliko yote yaliyofanywa kwa ngozi katika ukanda huu. Mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun, yaliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino, nayo hutoka Moshi. Kwa mtu mwenye ualbino mafuta hayo ni dawa. Kwa mtu mweusi anayeogopa melanoma ya unyayo hayana kazi, na wauza vipodozi wanaomwambia vinginevyo wanamuuzia woga.

Wazungu wa Arusha nao tusiwasahau, kwani wapo tangu enzi za walowezi Makaburu na Wagiriki, na wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa Tengeru wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliacha makaburi yao pale. Leo ni wamisionari, wastaafu na watu wa utalii. Kwao rudi kwenye kile kitabu cha migongo, kinafaa kabisa.

Swali ninaloulizwa na vijana kila mara ni la simu. Je, programu haiwezi kusoma picha badala yangu? Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walionyesha katika jarida la Nature kompyuta inayolingana na mabingwa wa ngozi katika kutenganisha saratani na madoa ya kawaida. Mwaka 2018 ulitolewa mkusanyiko wa picha 10,015 za dermoskopi kutoka Vienna na Queensland, na programu nyingi zimefunzwa kwa picha hizo. Unajua tayari ni ngozi za nani. Utafiti wa Roxana Daneshjou na wenzake wa 2022 ulizijaribu programu za aina hii kwenye picha za watu weusi na weupe, uwezo wake ukashuka kwa weusi. Mimi sizikatai. Ninachosema ni kwamba zitatusomea nyayo zetu siku tutakapozipa nyayo zetu, na picha hizo zinaanza na wewe: mguu uliooshwa, rula ndogo pembeni, kulia au kushoto, tarehe, na ridhaa ya mwenye mguu.

Ukishashuku, kazi ya lenzi imekwisha na ya kisu imeanza, na hapo utakutana na imani kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Utaisikia kutoka kwa mgonjwa, kwa mwanawe aliyemleta, pengine kwa mhudumu mwenzako. Usiicheke. Imetokana na kuona watu waliofika wamechelewa, wakakatwa, wakafariki. Eleza polepole kwamba kipande kinachotolewa kwa uchunguzi hakibadilishi mwendo wa ugonjwa, na kwamba bila kipande hakuna anayeweza kujua unene ule wa Breslow, wala daktari wa upasuaji hawezi kujua akate upana gani. Kwa Arusha rufaa huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au hospitali ya ALMC, na zaidi ya hapo KCMC. Tiba ya saratani iliyosambaa huwapeleka wengine Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Doa likiwa dogo, liondolewe zima. Likiwa kubwa, tumia dermoskopu kuchagua mahali: penye tuta lenye rangi nzito zaidi au penye buluu, siyo pembeni panapofikika kwa urahisi, na kipande kiende chini hadi kwenye mafuta. Kiwe ndani ya fomalini, kisikaushwe kwenye pamba. Kwa ukucha, kipande kitoke kwenye shina linalotengeneza rangi, kwa sababu kukata ukucha wenyewe ni kupeleka maabara kivuli cha ugonjwa. Kisha jaza fomu yote. Andika umri, mguu upi, sehemu gani ya unyayo, doa lina muda gani, na ulichokiona kwa lenzi. Chora hata kama hujui kuchora. Na uongeze ombi moja ambalo mtaalamu wa patholojia atakushukuru kwalo: kipande kikatwe kwa kukingama matuta, yaani kisu kipite tuta, mfereji, tuta. Kikikatwa kwa kufuata urefu wa tuta, kioo cha hadubini kinaweza kuonyesha tuta peke yake au mfereji peke yake, na lile swali ulilojiuliza ukiwa umeinama kwenye mguu wa bibi halitajibika.